Farasi akila chakula cha kuku msingoje mpaka aanguke

Bwana Mhariri, assalamu alaykum.

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Najua barua yenyewe ndefu, ukitaka kupunguza punguza pale nilipolalamika, usipunguze nilipoeleza la kufanya, maana hilo ndo nataka liwafikie watu.

Mie nafuga kuku wa nyama huku Kusini Unguja, upande wa pwani ya mashariki, kuku wangu wanakwenda mahotelini na kwa mama ntilie wa hapa kijijini, na siku hizi kati ya majirani zangu wamo watu wa farasi, wale wanaopandisha watalii ufukweni maji yakitoka. Sina ugomvi na biashara ya mtu. Ila kuna kauli hapa mtaani, kila farasi akikata kamba akaingia stoo ya mtu utasikia "aa kala pumba tu huyo, kashiba zake", mara nyengine anaisema mwenye farasi mwenyewe huku anacheka, na kauli hiyo ndo ilonifanya nishike simu niandike. Farasi akila chakula cha kuku anaweza kufa. Asipokufa anaweza kuja kuanguka baadae na mtu mgongoni. Na ule wakati wa kumuokoa ndo huo huo ambao bado anaonekana mzima, hana hata jasho, na watu wanacheka.

Wafugaji wenzangu wanajua kuku wa nyama wana ugonjwa wao wa kuhara damu, koksidiosisi, unakaa kwenye matandazo ya banda na ukishaingia unafagia vifaranga. Wengi wetu wadogo wadogo tunatibu kwa dawa ya kutia kwenye maji, amproliamu, hiyo siyo ninayoizungumza hapa. Viwanda vyengine vinatia kinga humo humo ndani ya chakula, hasa kile cha vifaranga na cha kukuzia kuku wa nyama, na kinga hizo nyingi ni za kabila moja la dawa linaloitwa ayonofa, wenyewe ni monensini, salinomaisini, narasini, lasalosidi. Monensini ndo kongwe, Marekani waliruhusu itumike kwa kuku tokea 1971, baadae wakaanza kuwapa na ng'ombe kwa sababu inawasaidia kunenepa kwa chakula kile kile. Kuku na ng'ombe wakipewa kwa kipimo chake haina neno. Farasi inamuingia kwenye misuli, na msuli unaoumia kwanza ni moyo.

Tofauti yenyewe si ndogo. Kuku anastahamili karibu miligramu 200 za monensini kwa kila kilo moja ya uzito wake. Farasi miligramu 2 mpaka 3 tu kwa kilo zinatosha kumuua. Sasa piga hesabu, chakula cha kuku chenye monensini kawaida kinakuwa na miligramu kama 100 kwenye kilo moja ya chakula, farasi wa kilo 350 akila kilo saba mpaka kumi keshafika. Salinomaisini ndo mbaya zaidi kwake, miligramu 0.6 kwa kilo, na chakula chake kinakuwa na miligramu kama 60 kwenye kilo, kwa hiyo farasi huyo huyo kilo tatu na nusu zinamtosha. Kilo tatu na nusu ni ndoo ndogo isiyojaa jamani, farasi mwenye njaa anaimaliza kabla hujarudi kuchukua kamba. Na hapo nazungumzia chakula kilochanganywa vizuri. Chakula kilochanganywa kwa koleo sakafuni dawa inajikusanya upande mmoja, na ile dawa yenyewe ya unga kabla haijachanganywa, akiiramba hiyo basi hata habari ya kilo usiitaje. Punda naye yumo humu humu, asije mtu wa gari la punda akasema barua hii haimuhusu.

Dawa ya kuondoa sumu hiyo haipo. Daktari anachofanya ni kuzuia isiingie yote mwilini na kumtunza mnyama, kwa hiyo kila saa inayopita mnabishana inakwenda na moyo wake.

Kuna watakaosema chakula changu mie sitii dawa yoyote, nachanganya mwenyewe mahindi, pumba, soya, dagaa na chokaa. Vizuri, lakini bado. Farasi tumbo lake dogo kwa ule mwili, lita nane mpaka kumi na tano, na hawezi kutapika, mlango wa juu wa tumbo lake umekaza hauachii kurudi nyuma. Kaumbwa ale majani kidogo kidogo mchana kutwa. Akishindilia mahindi na pumba kwa mara moja, wanga unapita haujasagika unakwenda kuchachuka kwenye utumbo mpana, tindikali inapanda, vijidudu vizuri vinakufa na sumu yao inaingia kwenye damu. Hapo kuna mawili. La kwanza msokoto wa tumbo, hilo utaliona, anajitazama ubavuni, anapiga teke tumbo lake, anagaragara. La pili linakuja kimya kimya siku ya pili au ya tatu nyie mmeshasema kapona, nalo ni kwato. Ile nyama inayoshikanisha ukucha wa kwato na mfupa wa ndani inavimba na kuachia, farasi anasimama kaegemea nyuma miguu ya mbele kaitoa mbele, hataki kugeuka, ukishika kwato ni ya moto. Madaktari wanaita laminitisi. Ikifika mfupa ukashuka ndani ya kwato, farasi huyo kwa kazi ndo basi tena.

Na mahindi yenyewe tunayowapa kuku mara nyingi ni yale yalokataliwa na watu. Visiwani huku masika ikiingia kila kitu kinafanya unyevu, polo likikaa sakafuni wiki mbili ushaona ukungu. Watu tunajua habari ya sumukuvu tokea yale mauti ya Dodoma na Manyara mwaka 2016, lakini kuna sumu nyengine ya ukungu wa mahindi, fumonisini, ambayo kwa farasi inakwenda kwenye ubongo inauyayusha. Ng'ombe atakula mahindi hayo asionyeshe kitu, farasi atatembea anagonga ukuta, na hiyo nayo haina tiba. Kwa hiyo hata yule anayewachotea farasi wake kwa makusudi mahindi ya kuku kwa sababu ni rahisi, ajue anachochota.

Sasa nieleze yalotokea kwangu, kwa ufupi maana mengine yalishamalizwa kwa sheha na sitaki kuyafukua. Usiku mmoja wa masika farasi wawili wa jirani waliingia stoo yangu. Mlango ulikuwa na komeo, farasi analifungua komeo kwa midomo kama mtu, asojua aulize. Tulipoamka kwa swala ya alfajiri mume wangu ndo aliyewakuta, mapolo mawili yametobolewa, mmoja bado anakula mwengine kasimama ushahidi wote uko puani. Saisi wao, yaani mtunza farasi, kijana mzuri tu namheshimu, akaja mbio akaniambia, "Mama usijali, ntawapeleka pwani nikawakimbize kidogo wasage, nyie pimeni mlichopoteza tulipe." Nikamwambia mwanangu, usiwakimbize, wafunge hapo hapo chini ya mkungu tumuite daktari. Akanitizama kama nimechanganyikiwa. Mie nilijua kwa sababu kwenye mafunzo ya ufugaji daktari alotufundisha alilitaja hilo jambo, na darasa zima tulicheka, nani ana farasi hapa.

Nikampigia muuzaji wa kile chakula nimuulize kina nini ndani. "Mama hakina kitu, mahindi na soya na dagaa tu." Nikamuuliza kina kinga ya kuhara damu, akasema ndio, kuku wako hawatohara. Sasa hakina kitu au kina kinga? Akakata simu. Polo lenyewe mbele lina picha ya jogoo na nyuma halina kitu, si jina la dawa, si tarehe, si onyo. Daktari alipofika, na alifika kwa taabu maana hayuko karibu, swali lake la mwanzo lilikuwa hilo hilo, nionyesheni karatasi ya polo. Hatukuwa na cha kumuonyesha zaidi ya jogoo.

Yule alokula zaidi alikufa baada ya siku chache. Alianza kukataa majani, jasho, miguu ya nyuma ikawa inayumba, mkojo mweusi kama kahawa, moyo unakwenda mbio amesimama tu. Daktari alisema dalili zile ni za misuli na moyo, siyo tumbo peke yake. Wa pili hakuonyesha kitu kikubwa, uvivu tu kidogo.

Ukaja ugomvi. Mwenye farasi anasema chakula chako kimemuua farasi wangu, mie nasema farasi wako kala mali yangu usiku nyumbani kwangu. Kwenye baraza ya sheha mzee mmoja akatukumbusha kisa cha Nabii Daudi na Nabii Suleiman kwenye Suratul Anbiyaa, kondoo wa watu walipoingia usiku kwenye shamba la wengine, akatueleza na ile hukumu ya Mtume kwamba mchana mwenye shamba alinde shamba lake, usiku mwenye mnyama amzuie mnyama wake. Mie nikasema hapo pamekwisha. Tukasameheana, mie sikudai mapolo yangu yeye hakudai farasi wake, tukanywa kahawa. Lakini wengine huwa hawasameheani, kwa hiyo wenye farasi kaeni mkijua hili, mnaachia farasi usiku wajitafutie kwa sababu huku maweni majani ni taabu na kuyaleta kutoka mashamba ya ndani ni gharama, nafahamu, lakini njaa ya farasi wako usiku ni dhamana yako siyo ya jirani.

Kilonichoma zaidi si ugomvi ule. Haukupita muda nikamuona yule farasi wa pili pwani, katandikwa, kabeba mtoto wa kizungu, saisi anamkokota. Nikamwendea yule kijana nikamwambia mwanangu huyu si yule wa stoo? Akasema ndo yeye mama, kapona, anakula vizuri. Jamani. Farasi alonusurika na monensini moyo wake unaweza kubaki na kovu. Kwa nje huoni kitu, anakula, ananenepa, ngozi inang'aa, na siku akikimbizwa moyo unasimama, miezi baadae, anaanguka kilo 350 zote juu ya alompanda au aliye mbele yake. Mwaka 2014 huko Florida Marekani kituo kimoja cha kupandia farasi kilipewa chakula kilochafuka na dawa hizi kiwandani, farasi zaidi ya 20 wakaguswa, wengine walikufa mapema na walobakia hawakuweza tena kupandwa kwa sababu hiyo hiyo ya moyo. Na wale hawakuvunja stoo ya mtu, walipewa chakula chao wenyewe cha farasi, kimechanganywa kwenye mashine ilotoka kuchanganya cha wanyama wengine.

Kwa hiyo la kufanya, naliandika kama nilivyofundishwa na daktari na kama nilivyoliona.

Muondoe farasi kwenye chakula na uondoe na wenzake wote hata wale usiowaona wakila. Kisha usitupe kitu. Polo, karatasi yake, makombo yalobaki, weka, chota kama kilo moja ufunge kwenye mfuko safi, huenda ikahitajika kupimwa. Kadiria kaliwa kiasi gani, polo lilikuwa la kilo hamsini limebaki nusu, farasi walikuwa wawili, andika, na saa ngapi mlimuona mara ya mwisho hajala. Mpigie daktari wa mifugo saa hiyo hiyo na umwambie hayo yote kwa simu kabla hajatoka kwake, ili ajue abebe nini. Usingoje dalili. Nasema tena kwa sababu hapa ndo kila mtu anapokosea, dalili zikija sehemu kubwa ya kazi ya daktari ishapita, yeye anataka kumkuta farasi bado sumu iko tumboni amtie mpira wa puani mpaka tumboni, amuoshe, amtilie mkaa wa dawa au mafuta ya parafini ya hospitali, siyo mafuta ya taa.

Na hapo hapo nizungumze na wale wa chupa. Kuna mtindo wetu, mnyama akila kibaya anainuliwa kichwa anamiminiwa kitu mdomoni, mafuta ya nazi, maziwa, soda, maji ya chumvi, kila mtu na yake. Kwa farasi msifanye. Mafuta yanapita njia ya pumzi yanaingia mapafuni, mtakuwa mnamuua kwa kitu chengine. Mafuta anapewa kwa mpira na mtu anayejua mpira umekaa wapi, basi.

Msimkimbize na msimtembeze kwa nguvu. Ule msemo wa atembee asage umetoka kwenye watu, mtu kala pilau anakwenda zake Forodhani kupunga upepo, farasi moyo wake ukishaguswa mwendo ndo unaomuangusha, na kwato zikiwa zinaanza kuvimba kila hatua inazidi kuzing'oa. Mueke kivulini, sehemu laini, mchanga ni mzuri na mchanga tunao alhamdulillah. Maji safi muachie. Majani makavu kidogo si neno kama tumbo halimuumi, pumba na nafaka hata chembe.

Kitu kimoja ambacho huku pwani tunacho kuliko hata watu wa mjini ni barafu. Kwa farasi alokula nafaka nyingi, madaktari wanapendekeza kwato zipozwe kwa barafu mapema kabla hajaanza kuchechemea, mfululizo siku mbili mpaka tatu, miguu iwe ndani ya maji ya barafu kuanzia kwato mpaka karibu na goti. Barafu ya samaki inafaa kabisa. Ndoo pana za mpira, au viroba vigumu vifungwe mguuni vijazwe barafu na maji, mtu wa kuongeza kila ikiyayuka, usiku na mchana, kazi ngumu lakini rahisi kuliko kununua farasi mwengine. Mie siku ile nilipompendekezea saisi barafu ya wavuvi alidhani namkejeli, ila daktari alipofika alilisema lile lile.

Mwangalie na mapigo. Chini ya taya kuna mshipa, weka vidole, farasi aliyetulia moyo wake unapiga 28 mpaka 44 kwa dakika. Ukihesabu 60 na kasimama tu, mpigie daktari tena umuulize amefika wapi. Angalia mkojo, angalia kinyesi kama kinatoka, shika kwato asubuhi na jioni. Kijana yeyote mwenye simu yenye saa anaweza kazi hii.

Halafu baada ya hapo, mapumziko. Wiki nyingi, siyo Jumamosi na Jumapili. Na kama chakula kilikuwa na dawa ya ayonofa, au hamjui kilikuwa na nini, ambayo kwa polo la jogoo ni sawa sawa, asipandwe na mtu mpaka daktari amsikilize moyo vizuri na ikiwezekana apigwe ultrasaundi ya moyo. Najua kifaa hicho kwa farasi hapa kwetu si cha kukikuta kila pahala. Basi asipandwe. Hotelini wanaotuletea wageni wangependa kujua farasi gani alikula nini, na mie nikiulizwa nasema.

Sitaki mtu aelewe kuwa kila farasi alolamba punje mbili anakufa. Farasi akipita akanyakua mdomo mmoja wa chakula cha kuku wa mayai kisicho na dawa, mtazame, mtulize, endelea na kazi zako. Maganda ya muhogo ya mbuzi na majani ya ng'ombe siyo vita. Ila pumba kila siku nazo zina yake, pumba zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, farasi akilishwa pumba miezi na miezi badala ya majani, mwili unanyonya kalsiamu kutoka kwenye mifupa, uso unavimba, anachechemea bila ya kuonekana jeraha, na hapa nishawaona wa namna hiyo pwani na wenyewe wanasema ndo sura yake. Chakula cha ng'ombe cha kununua nacho kisomwe, kinaweza kuwa na monensini vile vile. Na mbolea ya kuku, wapo wanaompa ng'ombe wakati wa kiangazi, farasi asiisogelee.

Farasi si wageni Unguja, watoto wa Sayyid Said pale Mtoni walifundishwa kupanda wangali wadogo, lakini wale walikuwa na masaisi wao wa kazi hiyo tu. Sisi wa shamba mnyama wetu alikuwa ng'ombe na punda. Mbung'o nao walikuwepo, na ugonjwa wao farasi haustahamili, mpaka walipomalizwa Unguja kwa ile kazi ya kuachia madume walofanywa tasa, ikatangazwa 1997 kisiwa hakina tena mbung'o. Kwa hiyo farasi wameongezeka pwani juzi juzi tu na ujuzi haujaongezeka nao, vijana wanapewa hatamu leo kesho wao ndo saisi, wakati majirani zao sie tunafuga kuku ukuta kwa ukuta.

Wenye farasi na wenye kuku, stoo ifungwe kwa kufuli au kwa ndoano ya kukaza ambayo mdomo wa farasi hauwezi, komeo peke yake ni mapambo. Chakula kikae kwenye pipa lenye mfuniko wa kufunga, siyo polo wazi. Polo la chakula cha kuku lisiende kutiliwa chakula cha farasi hata likikung'utwa, unga wa dawa unabaki kwenye mishono, nimeona watu wanafanya hivi kwa sababu polo zuri lina bei. Na anayesagisha na kuchanganyisha chakula cha farasi kwenye mashine ya mtaani amuulize mwenye mashine kabla yake kimepita nini, kama ni cha kuku chenye kinga basi aende pengine au achanganye mwenyewe nyumbani kwa mikono yake.

Ninaloliomba kwa Wizara ya Kilimo, Umwagiliaji, Maliasili na Mifugo ni dogo. Polo lolote la chakula cha mifugo linalouzwa Unguja na Pemba, liwe limetoka bara kwa boti au limechanganywa hapa hapa, liandikwe kwa Kiswahili limetiwa dawa gani na kiasi gani, na kama ni ya ayonofa iandikwe kwa herufi kubwa USIMPE FARASI WALA PUNDA. Wachanganyaji wadogo kama hawana karatasi za kuchapisha, kalamu ya wino mzito inatosha, mie mwenyewe nshaanza kuandika kwenye mapolo yangu. Pili namba ya simu ya daktari wa mifugo wa wilaya wa zamu ya usiku ibandikwe kwenye kila duka la chakula cha mifugo na kila banda la farasi, maana sie siku ile tulipiga namba ya mtu, akatupa ya mwengine, yule akatupa ya mwengine, na jua lishatoka. Tatu farasi wa kupandisha watu awe na daftari lake la afya, aliumwa nini, alikula nini, na sheha alione kabla farasi hajarudi pwani baada ya tukio kama hili.

Na yule muuzaji wa polo la jogoo kama anasoma gazeti, namba yangu anayo, bado nasubiri aniambie mle ndani mlikuwa na nini.

Wako,
Mfugaji wa kuku,
Kusini Unguja.